Hodi Isiyokoma Humchosha Mwenye Nyumba

Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, akanyamaza kidogo, kisha akapiga tena. Akipiga ya tatu na kusikia kimya, hugeuka akaenda zake na kurejea wakati mwingine. Katika miji ya pwani mtoto hufunzwa mwenendo huo kabla hajatambua herufi, na sisi tulio mbali na bahari, hapa ukingoni mwa ziwa, tumeupokea pamoja na lugha yenyewe. Wala si urembo wa tabia tu. Aliyeweka kikomo cha hodi tatu alijua kwamba mwenye nyumba ana kazi zake: huenda yuko jikoni, huenda anamwogesha mtoto, huenda anakuja lakini hajaufikia mlango. Mgeni asiyenyamaza kati ya hodi na hodi hamharakishi mwenyeji wake. Humchelewesha, kwa maana kila hodi ni neno linalodai kuitikiwa.

Nimeanza na hodi kwa sababu nataka kuzungumza na walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wetu, juu ya tarakilishi. Shule nyingi za kaunti za Migori na Homa Bay sasa huhifadhi alama, karo na mahudhurio ndani ya mashine hizi, na malalamiko ni yale yale kutoka Isebania hadi Kendu Bay: mtandao uko chini, mashine imekwama, seva imelala. Dawa inayopendekezwa nayo ni ile ile: tununue mashine kubwa zaidi, tuongeze bando, tuitishe mchango. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi ugonjwa si udogo wa mashine. Ugonjwa ni hodi. Tumezifundisha tarakilishi zetu kuuliza, lakini hatukuzifundisha kungoja.

Somo hili nililipata kwa aibu. Miaka michache iliyopita nilikuwa msimamizi wa mitihani katika shule moja ya kaunti ya Migori. Tulikuwa na maabara ya tarakilishi 40, zote zimeunganishwa kwa waya na seva moja iliyokaa katika chumba kidogo kando ya ofisi. Kampuni moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imetuuzia programu ya kuandikia alama. Sifa yake kubwa ilikuwa hii: mwalimu wa Kemia akiandika alama katika mashine yake, mwalimu wa darasa aliyekaa upande wa pili wa chumba huiona papo hapo. Juma la kwanza, tulipotumia mashine kumi tu, tulishangilia. Wakati wa mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne ulipofika, na mashine zote 40 zikawashwa, furaha iligeuka majuto. Kuandika alama moja kulichukua muda wa kunywa nusu ya kikombe cha chai. Mwalimu aliyeona kimya alibonyeza tena, na alama ikaingia mara mbili. Ripoti zikachelewa, wazazi wakapiga simu, na mwalimu mkuu akaitisha mkutano.

Binadamu akishindwa kuelewa chombo, humtafuta mtu wa kulaumu. Tulikuwa na msaidizi wa maabara, binti aliyemaliza chuo karibuni na aliyeajiriwa kwa mkataba wa muhula hadi muhula. Mmoja wetu alisema binti huyo huwaruhusu wanafunzi kutazama sinema kwa siri. Mwingine akasema haijui kazi yake. Pendekezo likatolewa kwamba mkataba wake usifanywe upya, na kwamba wazazi waombwe kuchangia seva mpya. Wazazi wenyewe ni watu wa miwa, wa tumbaku na wa omena, watu ambao shilingi haiji kwao kwa kufuata kalenda ya shule. Mimi niliyekuwa karibu na kazi ile kuliko wote niliketi kimya. Sikuwa na ushahidi wa kumtetea, nikaona kunyamaza ni busara. Haikuwa busara.

Binti akaomba apewe siku moja. Kesho yake alinijia na daftari la kawaida la mazoezi, kurasa tatu zimejaa hesabu za penseli.

"Mwalimu," aliniambia, "seva hii haijalala. Imechoka kujibu."

Kila seva huweka kumbukumbu ya maswali inayoulizwa, kwa saa, dakika na sekunde. Binti alikuwa amezifungua kumbukumbu hizo na kuhesabu. Aligundua kwamba kila moja ya mashine zetu 40, iwe inatumiwa au imeachwa bila mtu mbele yake, ilikuwa ikiuliza swali lile lile kila sekunde moja: "Kuna alama mpya?" Seva ikijibu hapana, sekunde inayofuata iliulizwa tena. Hiyo ndiyo siri ya ile "papo hapo" tuliyoishangilia.

Sasa naomba msomaji achukue penseli naye. Mashine 40 zikiuliza mara moja kila sekunde, ni maswali 2,400 kwa dakika na 144,000 kwa saa. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni saa kumi, na jumla yake ni maswali 1,440,000. Tuseme siku hiyo walimu waliandika alama 500. Hata kama kila alama ilipaswa kuonekana katika mashine zote 40, majibu yenye faida hayazidi 20,000. Maana yake ni kwamba kwa kila maswali 72 ni moja tu lililoleta habari. Maswali 71 yaliyosalia yalikuwa hodi kwenye nyumba ambayo mgeni ametoka kuitikiwa sekunde moja iliyopita.

Msomaji atauliza, je, kwani seva si mashine yenye kasi ya ajabu? Ndiyo, lakini kasi ina mpaka, na karibu na mpaka huo mambo hayaharibiki pole pole. Huharibika kwa ghafla. Hesabu ya jambo hili ni ya zamani kuliko tarakilishi. Agner Krarup Erlang, Mdenmarki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, aliandika juu ya foleni za simu mwaka 1909, na elimu aliyoianzisha ndiyo tunayoitumia hadi leo. Tuchukue seva inayohitaji sehemu moja ya hamsini ya sekunde kujibu swali, yaani inayoweza kujibu maswali 50 kwa sekunde. Kwa kuwa maswali hayaji kwa mstari ulionyooka, bali mara hujazana, mara hupungua, foleni hutokea hata kabla ya kufika 50. Yakija maswali 40 kwa sekunde, kila swali kwa wastani litakaa sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya kujibiwa. Yakija 45, litakaa sehemu mbili za kumi. Yakija 48, nusu sekunde. Yakija 49, sekunde nzima. Yakifika 50, foleni haina mwisho. Hurefuka kadiri siku inavyokwenda.

Tazama vizuri tarakimu hizo. Kutoka 40 hadi 49 ni nyongeza isiyofika robo ya mzigo, lakini kungoja kumeongezeka mara kumi. Ndiyo maana shule hukaa na mfumo wake kwa amani mwaka mzima, kisha ikaongeza mashine tisa na kuona kila kitu kimesimama. Hapo hudhani kuna virusi, au kuna mtu mbaya. Kumbe ni hesabu tu.

Katika ile programu yetu kulikuwa na makosa mengine manne, na nayataja kwa sababu ni makosa ya kawaida ambayo mwanafunzi wa somo la tarakilishi anaweza kuyatafuta katika programu yoyote.

La kwanza, mashine ziliuliza kwa kufuata saa badala ya kufuata jibu. Sekunde ikitimia, swali hutumwa, hata kama swali la kabla yake bado liko njiani. Siku ya uzito, mashine moja ilikuwa na maswali matano au sita yasiyojibiwa, nayo yote yakidai jambo lile lile. Dawa yake haina gharama yoyote: ngoja jibu lije kwanza, ndipo uanze kuhesabu muda wa kuuliza tena. Mwanafunzi anayenyoosha mkono, akiulizwa angoje, hanyooshi na mkono wa pili.

La pili, swali lenyewe lilikuwa pana mno. Mashine haikuuliza ni nini kipya. Iliomba orodha yote ya alama, za kidato kizima, kila mara. Seva ikalazimika kusoma daftari lake kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mara 40 kwa sekunde. Swali la haki lingekuwa: "Nipe kilichobadilika tangu saa nne na dakika tano." Nayo seva, ikiwa imetengenezewa faharasa ya nyakati, ingeufungua ukurasa unaohusika moja kwa moja, kama vile mwalimu anavyolifungua kamusi kwa herufi. Kanuni za wavuti zenyewe zina jibu fupi la namna hii, jibu namba 304, lenye maana ya kwamba kitu unachokiuliza hakijabadilika, tumia ulicho nacho. Jibu hilo halibebi orodha yoyote, kwa hiyo halichoshi njia.

La tatu, kila jibu lilipofika, mashine ilifuta skrini nzima na kuichora upya, hata kama hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo mzigo haukuwa wa seva peke yake. Zile tarakilishi kuukuu tulizopewa kama msaada zilikuwa zikijichosha zenyewe kwa kuchora picha ile ile mara 3,600 kwa saa. Linganisha kwanza, kisha chora kile tu kilichogeuka.

La nne, mashine iliyoachwa bila mtu iliendelea kuuliza. Tulikuwa na tarakilishi 40 na walimu kumi na wawili. Mashine 28 zilikuwa zikiuliza habari ambazo hakuna jicho la kuzisoma.

Hapo binti alipendekeza mambo ambayo hayakuhitaji hata shilingi moja ya mchango. Mashine iulize kila baada ya sekunde 30 badala ya kila sekunde. Iulize kilicho kipya tu. Ikae kimya ikiwa hakuna anayeitumia. Kwa badiliko la kwanza pekee, maswali 1,440,000 ya siku nzima yalishuka hadi 48,000. Mwalimu wa darasa sasa angengoja kwa kadiri ya nusu dakika kuiona alama ya mwenzake. Je, kuna aliyedhurika? Alama ya Kemia ambayo mwanafunzi aliitafuta kwa miaka minne inaweza kungoja nusu dakika.

Lakini badiliko hilo lilipofanywa tulikutana na fumbo jipya, na hapa nawaomba wale wa Migori na Homa Bay wanisikilize, kwa maana fumbo hili ni letu hasa. Umeme ukikatika, kisha ukarudi, mashine zote ziliamka kwa pamoja. Kwa kuwa kila moja ilihesabu sekunde 30 tangu kuamka, zote ziliuliza katika sekunde ile ile, zikanyamaza pamoja, zikauliza pamoja tena. Seva ikakaa bure kwa sekunde 29, kisha ikavamiwa na maswali 40 kwa mpigo. Kwa shule moja hilo ni dogo, kwani mashine ya mwisho hungoja sehemu nane za kumi za sekunde. Lakini fikiria seva ya aina hiyo hiyo ikihudumia shule 1,000 zilizoamshwa pamoja: shule ya mwisho ingengoja sekunde 20. Na ikiwa programu imeandikwa ikate tamaa baada ya sekunde 10 na kuuliza upya, basi nusu ya shule zingetuma swali la pili kabla ya la kwanza kujibiwa, na foleni isingekwisha hata seva iwe nzima namna gani.

Dawa ya fumbo hili ilipatikana kwanza visiwani, na inafaa kuwasimulia wanafunzi wetu wa Rusinga na Mfangano. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuziunganisha tarakilishi za visiwa vyao kwa redio, katika mtandao walioupa jina la ALOHA. Vituo vyote vilitumia mawimbi ya aina moja, na vituo viwili vikisema kwa wakati mmoja, hakuna aliyesikika. Je, kila kimoja kirudie mara moja? La, kwa maana vingegongana tena. Walichoamua ni kwamba kila kituo kisubiri kwa muda wa bahati nasibu, hiki kidogo, kile zaidi, ndipo kirudie. Miaka michache baadaye Robert Metcalfe, aliyekuwa ameisoma kwa makini kazi ya ALOHA, alishiriki kubuni Ethernet, mtandao wa waya ambao kizazi chake ndicho kilichokuwa ndani ya maabara yetu. Humo iliongezwa kanuni ya kuzidisha mara mbili: kila mgongano unapotokea tena, upana wa muda wa kungoja hurudufiwa.

Kwa programu yetu kanuni hiyo ina maana hii. Ukiuliza na usijibiwe, ngoja sekunde 1. Usipojibiwa tena, ngoja 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16, kisha 32, na mwishowe tulia kwenye dakika moja. Katika kila kungoja ongeza kipande kidogo cha bahati nasibu, ili mashine 40 zisifanane mwendo. Seva nayo ina haki ya kusema. Tangu mwaka 2012 kanuni za wavuti zina jibu namba 429, yaani maswali yako yamezidi, na jibu hilo linaweza kuandamana na idadi ya sekunde ambazo muulizaji anatakiwa kukaa kando. Programu isiyolisikiliza jibu hilo ni sawa na mgeni anayeambiwa "ngoja nivae" naye anauvunja mlango.

Asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya shule za mashambani. Oktoba 1986, njia ya tarakilishi kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, umbali usiofika mita 400, ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Imeshuka mara 800. Hakuna waya uliokatwa. Mashine zilikuwa zikituma barua, zikiona zimechelewa kujibiwa zikituma barua ile ile tena, hata njia yote ikajaa nakala. Van Jacobson na mwenzake Michael Karels walilichunguza jambo hilo, na mwaka 1988 wakachapisha dawa yake: mashine ianze kwa mwendo wa aste aste, iongeze kadiri njia inavyoruhusu, na ikiona dalili za msongamano, irudi nyuma upesi. Intaneti tunayoitumia leo ingali inategemea adabu hiyo. Wataalamu wa nchi tajiri nao, basi, walifunzwa hodi.

Hata hivyo kungoja si mwisho wa hekima. Kuna njia bora kuliko kuuliza, nayo ni kuarifiwa. Wazee wetu wanaikumbuka. Zamani, Migori na Homa Bay zilipokuwa bado ndani ya wilaya moja ya South Nyanza, yenye makao yake Homa Bay, hakuna mwalimu aliyefunga safari kutoka Muhuru Bay kila asubuhi kwenda kuuliza kama barua imefika. Jambo likiwa kubwa lilitangazwa redioni, na sauti moja ikawafikia maelfu bila yeyote kuuliza. Leo mtu akilipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwezi Machi 2007, hahitaji kupiga simu kila dakika kuuliza kama fedha zimefika, ujumbe humjia. Hata mifumo ya shule inayopokea karo kwa njia hiyo inaweza kuandikishwa ili iarifiwe malipo yanapoingia. Fundi anayeiandika programu yake iulize kila sekunde "mzazi amelipa?" amechagua njia ndefu ilhali ya mkato imefunguliwa.

Kwa programu za kawaida za wavuti njia hiyo ya mkato ipo pia. Unaweza kuuliza mara moja tu, na seva ikalishika swali lako mkononi mpaka iwe na jambo la kukuambia. Au unaweza kufungua mlango wa kudumu kati ya mashine na seva, ambao upande wowote unaweza kusema wakati wowote. Kanuni za mlango huo, uitwao WebSocket, zilikamilishwa mwaka 2011. Ila kila dawa ina uchungu wake. Mlango ulio wazi daima huchukua nafasi katika seva, na mahali ambapo umeme na mawimbi ya simu hukatika mara kwa mara, milango hufungika na kufunguliwa upya, tena kwa pamoja. Kwa shule yenye mashine 40, kuuliza kwa adabu kila nusu dakika kunatosha kabisa. Fundi mzuri si yule anayejua njia mpya kuliko zote. Ni yule anayejua ni ipi inayoifaa nyumba yako.

Nenda ufuoni Mbita alfajiri ukaone jambo hili likiishi. Wavuvi wa omena wako ziwani tangu usiku, na taa zao, na kina mama wanaonunua wamekaa na mabeseni yao wakisubiri. Wakati wote huo kila mama ana simu mkononi. Kama hamsini kati yao wangempigia mvuvi kila dakika kumuuliza amepata kiasi gani, mkono ungekuwa kwenye simu, si kwenye wavu, na hao hao wauliza ndio wangekosa omena. Kwa hiyo hawaulizi. Mvuvi akigeuza mtumbwi, yeye ndiye hupiga.

Sisi wasomi ndio tusiojizuia. Siku ya kutangazwa matokeo ya KCSE, maelfu ya watahiniwa, wazazi wao, wajomba na shangazi zao hufungua ukurasa mmoja kwa saa moja, na kila anayeona kimya hubonyeza tena, na tena, na tena. Simlaumu mzazi, moyo wake umo ndani ya ukurasa ule. Lakini kila kubonyeza ni hodi mpya, na aliyebonyeza mara kumi amejiweka nyuma ya maswali yake mwenyewe tisa. Matokeo hayo hayabadiliki baada ya kutangazwa, kwa hiyo ni mzigo mwepesi kuliko yote kuugawanya: nakala moja inaweza kuwekwa mahali pengi karibu na wasomaji, kama vile tangazo linavyobandikwa katika mbao kumi badala ya moja. Anayetengeneza mfumo wa umma na asifikirie siku hiyo moja ya mwaka hajaumaliza mfumo wake.

Na gharama ya hodi haiishii kwenye subira. Shule isiyo na seva yake, inayotegemea seva ya mbali kwa bando la simu, hulipia kila swali. Swali na jibu lake tupu la "hakuna jipya" vikichukua kilobaiti 2 tu, mashine moja inayouliza kila sekunde itameza megabaiti 72 kwa siku ya saa kumi. Mashine 40 zitameza karibu gigabaiti tatu, kwa kuambiwa hakuna jipya. Fedha hiyo ni chaki, ni kemikali za maabara, ni karo ya mtoto mmoja aliyerudishwa nyumbani.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wakuu wa shule, kwa halmashauri zao, na kwa wote wanaonunua programu kwa fedha za umma. Kabla ya kutia sahihi, muulizeni muuzaji maswali matatu. Programu hii huuliza seva mara ngapi kwa dakika? Huomba kila kitu, au kilicho kipya tu? Na isipojibiwa, hufanya nini? Muuzaji asiyeweza kuyajibu haijui bidhaa yake. Na mfumo ukiisha kununuliwa, ukaanza kujikokota, msikimbilie mfuko wa wazazi wala msimtafute wa kumfukuza. Fungueni kwanza kumbukumbu za seva, mhesabu. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Kidato cha Tatu chenye mwalimu wa Hisabati na penseli kinaweza kuifanya kwa vipindi viwili, na hakutakuwa na somo la uwiano na grafu litakalokumbukwa zaidi.

Yule binti mkataba wake ulifanywa upya. Seva mpya haikununuliwa; ile ya zamani iliendelea na kazi yake, nami nikahamia kaunti ya Homa Bay nikiiacha nzima. Lakini hakuna aliyesimama katika mkutano uliofuata kusema kwamba tulimwonea, wala mimi. Nilidhani kwamba kwa kuwa mambo yametengenea, maneno hayana haja. Leo, nikiwa nimechelewa, ninasema. Alikuwa peke yake kati yetu aliyepima kabla ya kusema, ilhali sisi tuliompigia kelele tulifanya kosa lile lile la zile mashine 40: tuliuliza kwa pamoja, tukauliza upya kabla hajajibu, na tukamhukumu kwa kuchelewa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi mwalimu siwezi kuwapinga. Lakini hawakusema tuulize bila kupumua. Piga hodi, mpe mwenyeji nafasi ya kufika mlangoni.